Kabla Hujampeleka Mzazi Kituo cha Uuguzi Marekani

Ijumaa mchana, ofisa ustawi wa jamii wa hospitali anaingia chumbani na kurasa mbili tatu zenye majina ya vituo. Mama alianguka bafuni Jumatatu, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji Jumanne. Daktari anasema hana tena sababu ya kulala hospitali, ila nyumbani hawezi kurudi, maana hata kusimama bado anashikiliwa na watu wawili. "Chagueni vituo vitatu tuviulize kama vina nafasi," anasema yule ofisa kwa upole. "Mkinipa jibu kabla ya saa kumi itakuwa vizuri."

Familia nyingi Marekani hukutana na kituo cha uuguzi kwa namna hii, mbiombio, mgonjwa mwenyewe akiwa bado na maumivu. Waswahili walioko Minnesota, Texas au Massachusetts wana nafuu moja: ni rahisi kumpata ndugu au jirani anayefanya kazi ya CNA, yaani uuguzi msaidizi, anayezijua nyumba hizi kwa ndani. Mwulize. Lakini anayejua kumgeuza mgonjwa kitandani si lazima awe amewahi kusoma ripoti ya ukaguzi au mkataba wa kumpokea mgonjwa, na huko ndiko mambo mengi yalikojificha.

Hospitali hairuhusiwi kukuchagulia kituo. Sheria inaitaka ikupe orodha ya vituo vya eneo lako pamoja na taarifa za ubora wake, kisha ikuachie uamuzi. Wakati huohuo kitanda cha mama kinasubiriwa na mgonjwa mwingine, kwa hiyo utahimizwa. Omba hadi kesho asubuhi. Mara nyingi utapewa, na usiku mmoja unatosha kufanya mengi kati ya yanayofuata.

Jengo moja, walipaji wawili

Marekani ina karibu vituo 15,000 vya uuguzi, na kinachowachanganya watu ni kwamba jengo moja hubeba kazi mbili. Kuna mgonjwa aliyetoka hospitali, anayekuja kwa wiki chache kwa sababu anahitaji mkono wa kitaalamu kila siku: dawa za kuingizwa mshipani, kidonda cha upasuaji cha kusafishwa na nesi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kumfundisha kutembea upya. Huo ndio uuguzi wa kitaalamu, na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ambayo hasa ni ya wenye miaka 65 na zaidi, inaulipia. Chumba cha pili yupo mzee anayeishi hapo mwaka wa tatu sasa kwa kuwa hawezi kujiogesha wala kwenda chooni mwenyewe. Hayo ni matunzo ya kila siku, na Medicare haiyalipii hata kidogo. Yeye au wanawe wanalipa kutoka mfukoni, au mali yake ikishapungua vya kutosha analipiwa na Medicaid, mpango wa watu wa kipato kidogo.

Vituo hupenda kusema vina cheti cha Medicare. Maana yake ni kwamba serikali kuu imekubali kukilipa kituo kwa sababu kimetimiza masharti ya chini kabisa. Kituo bora cha jimbo kinacho, na kibovu kinacho. Kwenye matangazo cheti hicho huandikwa kwa herufi kubwa kama tuzo. Si tuzo. Bila hicho hawalipwi, basi.

Ili Medicare ya kawaida ilipe, mgonjwa awe amelazwa hospitali siku 3 mfululizo, ukihesabu siku ya kuingia na kuacha ya kutoka, kisha aingie kituoni ndani ya siku 30. Hapa pana mtego uliowaumiza wengi. Hospitali inaweza kumweka mtu kitandani siku tatu, akala chakula chao na kuvaa gauni lao, kumbe kwenye mafaili hajalazwa: yuko "chini ya uangalizi", anahesabiwa kama mgonjwa wa nje. Siku hizo hazihesabiwi. Akizidi saa 24 katika hali hiyo, hospitali inatakiwa kumpa barua inayomweleza. Ukiiona barua hiyo, au hata usipoiona, uliza siku ya kwanza kabisa: "Mama amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?" Mwulize daktari, ungali na nafasi ya kumwomba abadilishe.

Halafu kuna zile siku 100 ambazo watu husimuliana kama zawadi. Siku 20 za kwanza hulipi kitu. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa anachangia kila siku, na kwa mwaka 2026 mchango huo ni dola 217 (mwaka 2025 ulikuwa 209.50). Zidisha kwa siku 80 upate dola 17,360. Wenye bima ya nyongeza au Medicaid mara nyingi hufidiwa hapo, wengine hawana wa kuwafidia. Na 100 ni kikomo tu. Medicare inalipa kwa muda ambao mgonjwa bado anahitaji uuguzi au mazoezi ya kitaalamu kila siku, na wengi wanasimamishwa kabla hawajafika huko.

Kama mzazi yuko kwenye Medicare Advantage, yaani mpango unaoendeshwa na kampuni binafsi ya bima, sheria za mchezo zinabadilika. Huenda zile siku tatu zisidaiwe, lakini kampuni ina vituo ilivyoingia navyo mkataba, na inatoa kibali kwa vipande: siku kadhaa, wanapitia mafaili, siku kadhaa tena. Kabla hujapenda kituo chochote, piga simu uulize kama kinapokea mpango huo. Nimeona watu wakitumia jioni nzima kulinganisha vituo vitano ambavyo bima yao haivigusi.

Jambo la wahamiaji tulipitie kwa haraka. Mzazi aliyeletwa na mwanawe kwa kadi ya kijani hapati Medicare kwa sababu tu ametimiza miaka 65. Kama yeye au mwenzi wake hawajafanya kazi Marekani kwa takriban miaka 10 wakikatwa kodi, itabidi akae miaka 5 mfululizo ndipo aweze kuinunua, na ile sehemu inayolipia hospitali na vituo hivi inaweza kufika dola 565 kwa mwezi mwaka 2026. Miaka ya kazi ya mtoto kwa kawaida haimsaidii mzazi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 nayo imepunguza aina za wahamiaji wanaostahili, kwa hiyo mkimbizi ambaye hajapata kadi ya kijani, na Wakongo wengi wanaingia hapo, aulize mapema hali yake ikoje, asingoje mpaka avunjike mguu.

Nyota zinavyopikwa

Tovuti ya medicare.gov ina sehemu iitwayo Care Compare. Unaandika jina la mji, vituo vinajipanga, kila kimoja na nyota kuanzia 1 hadi 5. Mpango huu ulianza Desemba 2008 na una manufaa, mradi ujue nyota ya jumla imetokea wapi.

Mhimili wake ni ukaguzi wa afya. Kituo kikipata nyota 3 za ukaguzi, safari inaanzia 3. Kikiwa na nyota 5 za wafanyakazi kinaongezewa moja. Kikiwa na nyota 1 ya wafanyakazi kinapunguziwa moja. Kisha vinakuja vipimo vya ubora, mfano wangapi wamepata vidonda vya kulalia, wangapi wameanguka, wangapi wamerudishwa hospitali. Nyota 5 hapo zinaongeza moja, nyota 1 inapunguza moja.

Sasa tazama vituo viwili. Cha kwanza kina 3 za ukaguzi, 3 za wafanyakazi na 5 za vipimo vya ubora: jumla 4. Cha pili kina 4 za ukaguzi, 3 za wafanyakazi na 3 za vipimo: jumla 4 vilevile. Kwenye orodha wamelingana. Mimi ningempeleka mama kwenye cha pili bila kusitasita, kwa sababu nyota ya nyongeza ya kile cha kwanza kwa sehemu kubwa kimejipa chenyewe. Vipimo vingi vya ubora vinatokana na fomu ambazo kituo kinajaza kuhusu wakazi wake. Ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ililinganisha fomu hizo na bili za hospitali, na Septemba 2025 ikatoa taarifa kwamba vituo havikuripoti asilimia 43 ya maanguko yaliyomletea mkazi jeraha kubwa na kumfikisha hospitali. Kwa hiyo mtu akikwambia "hapa wazee hawaanguki", huenda wanaanguka ila hawaandikwi.

Vipimo ninavyoviamini zaidi ni vile vinavyotoka kwenye bili badala ya fomu: asilimia ya wagonjwa wa muda mfupi waliorudishwa hospitali, na ya waliofanikiwa kurudi nyumbani. Angalia hapohapo kwamba unasoma upande wa wakaaji wa muda mfupi. Kituo kinaweza kuwatunza vizuri wazee wanaoishi pale na kuwa hovyo kwa mtu wa nyonga anayetaka atoke baada ya wiki nne, na kinyume chake.

Jingine ambalo tovuti hailisemi kwa sauti: nyota za ukaguzi hulinganisha kituo na majirani zake wa jimbo hilohilo tu. Asilimia 10 ya juu wanapata 5, asilimia 20 ya chini wanapata 1, waliobaki wanagawana katikati. Kwenye jimbo lenye vituo vibovu vingi, nyota 5 ni ya aliye afadhali. Usikilinganishe kituo cha Texas na cha Minnesota kwa nyota, hata kama una ndugu pande zote mbili na mnabishana mzazi akae kwa nani.

Ukiona alama ya duara jekundu lenye kiganja cheupe, kituo kimepatikana na kosa linalohusu unyanyasaji wa wakazi. Usipite juu juu, fungua usome.

Idadi ya mikono

Kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu, tazama wafanyakazi. Takwimu hizi hutolewa kwenye orodha ya mishahara ambayo kituo kinatakiwa kuipeleka serikalini kila robo mwaka, na mishahara ni vigumu kuipamba kuliko fomu. Tovuti inaonyesha saa za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku, saa za manesi wenye usajili kamili (RN) peke yao, saa za wikendi, na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi katika mwaka.

Saa hizo zionekane kwa macho. CNA mwenye zamu ya saa 8 na wakazi 10 ana dakika 48 kwa kila mmoja, kabla hujatoa mapumziko, kuandika na kusubiri mashine ya kunyanyulia. Mwongezee wakazi wawe 16, zinabaki 30. Ndani ya dakika hizo kuna kuogesha, kuvalisha, kulisha asiyeweza kushika kijiko, kupeleka chooni, kubadilisha nepi, na kumgeuza asiyejigeuza ili mgongo usitoboke. Asiyeweza kusimama anahitaji watu wawili kwa pamoja, hivyo dakika zake zinakatwa kwa mwingine. Vidonda vya kulalia huanzia kwenye hesabu hii. Kumlaumu binti wa zamu ya usiku kwamba ana roho mbaya ni rahisi zaidi, na mara nyingi ni uonevu.

Sheria ya serikali kuu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Tangu mageuzi ya mwaka 1987 kituo kinatakiwa kuwa na nesi mwenye leseni saa zote 24, na nesi mwenye usajili kamili, yule RN, walau saa 8 mfululizo kwa siku, siku zote za wiki. Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni mpya ya saa 3.48 kwa kila mkazi na RN saa 24, wenye vituo wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 jaji wa Texas akaitengua, huku Bunge nalo likiahirisha utekelezaji wake hadi 2034. Utafiti wa serikali yenyewe wa mwaka 2001 ulikuwa umetaja saa 4.1 kama kiwango ambacho chini yake wakazi wa muda mrefu wanaanza kudhurika. Basi tumia 4.1 kama kipimo chako cha mkononi, na uangalie saa za wikendi zinashuka kwa kiasi gani. Kituo chenye saa 3.9 Jumatano na 3.0 Jumapili kinakueleza jinsi Jumapili ya mama itakavyokuwa. Na pale ambapo zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaondoka kila mwaka, anayemlisha leo huenda hajui kwamba wiki iliyopita alipaliwa.

Kusoma ripoti bila kuogopa

Kila kituo hukaguliwa na watu wa jimbo bila taarifa, kwa wastani mara moja kwa mwaka na si zaidi ya miezi 15 kupita, na pia hukaguliwa yakija malalamiko. Matokeo huandikwa kwenye fomu namba 2567. Iko kwenye tovuti, na kituo kinalazimika kuweka nakala mahali ambapo mkazi au mgeni anaifikia bila kumwomba mtu. Ukiambiwa "meneja ndiye anayo na leo hayupo", umeshajifunza kitu.

Ni ndefu na lugha yake kavu, ila ina ufunguo: kila kosa limepewa herufi kuanzia A hadi L. A hadi C ni mambo madogo. D hadi F hakuna aliyeumia, ila angeweza. G hadi I kuna mkazi aliyeumia kweli. J hadi L ni hatari ya papo kwa papo, ya kuua au kuumiza vibaya. Ndani ya kila kundi herufi ya kwanza ni tukio la mtu mmoja mmoja, ya pili ni mtindo unaojirudia, ya tatu ni kituo kizima. Kituo kisicho na kosa hata moja ni adimu. Rundo la D na E la jikoni na makaratasi halinitishi sana. G ya kidonda cha kulalia miaka miwili mfululizo inanitisha kuliko J moja ya zamani iliyofuatwa na mabadiliko ya uongozi.

Chini ya herufi kuna simulizi, na usiiruke. Majina hayatajwi, utasoma juu ya "mkazi namba 14". Chukua mfano wa kubuni wa namna zinavyoandikwa: saa 3:40 asubuhi mkaguzi anaona taa ya kuita ya namba 14 inawaka, saa 3:55 mfanyakazi anapita bila kuingia, saa 4:25 taa bado inawaka, mkazi anamwambia mkaguzi kwamba amejikojolea na kwamba "huwa hivi siku zote". Kisha mahojiano: muuguzi msaidizi anasema walikuwa wawili kwa ghorofa nzima. Mistari kumi ya namna hiyo inakufahamisha mahali kuliko ziara ya kuonyeshwa ukumbi na tangi la samaki. Ukiwa unasoma, jiulize kosa linafanana na hali ya mzazi wako? Kama mama ana mpira wa mkojo, tafuta makosa ya maambukizi. Kama amezoea kuzunguka usiku, tafuta maanguko na waliotoroka.

Ukienda kwa miguu yako

Msimamizi wa mapokezi atakupangia saa nne asubuhi siku ya kazi. Nenda hiyo saa, halafu rudi Jumamosi jioni wakati wa chakula bila kumtaarifu kabisa. Mlangoni au kwenye korido kunatakiwa kuwe na karatasi ya idadi ya wauguzi wa siku hiyo. Angalia tarehe yake kwanza. Ukiikuta ni ya juzi, hesabu iliyo juu yake haina maana.

Harufu ya mkojo kwenye mlango mmoja asubuhi ni ya kawaida, kuna mtu anabadilishwa. Harufu hiyo ikijaa korido nzima alasiri, ni jambo jingine. Simama mahali ambapo taa ya kuita inawaka, tazama saa yako. Angalia sinia za chakula zinazorudi: zimeliwa, au zimetolewa mbele ya mtu asiyeweza kujilisha kisha zikachukuliwa vilevile? Tazama kama jagi la maji liko mahali ambapo mkono wa mgonjwa unalifikia.

Mwulize CNA, usimwulize meneja: "Leo una wakazi wangapi?" Ukimkuta ni mtu wa kwetu, salamu tu itafungua mengi, ila usimbane mbele ya bosi wake, ana watoto wa kulisha. Kwa upande wa mazoezi ya viungo, uliza mgonjwa kama wako hupata siku ngapi kwa wiki, dakika ngapi, yeye peke yake au kwa kundi, na wikendi je. Lina sababu swali hili. Hadi Septemba 2019 vituo vililipwa zaidi kadiri dakika za mazoezi zilivyoongezeka, na vingine viliwasukuma wazee hata wasiojiweza. Oktoba 1 mwaka ule malipo yakahamia kwenye hali ya mgonjwa, bila kujali dakika. Kishawishi kikageuka upande wa pili: sasa faida iko kwenye kufanya mazoezi kidogo.

Kama mzazi haongei Kiingereza, lugha iwe swali la mwanzo. Kituo kinachopokea fedha za serikali kinadaiwa mkalimani bila malipo, hata wa simu, na si halali kumtumia mjukuu wa miaka 12 kama mkalimani wa kawaida. Uzito wake unaonekana siku za mwanzo kwenye kipimo cha kumbukumbu ambacho kila mgonjwa hupewa. Anaambiwa maneno matatu, soksi, bluu na kitanda, ayarudie, aulizwe mwaka, mwezi na siku, halafu baadaye atakiwe kuyakumbuka yale maneno. Jumla ni alama 15, na aliyepata 7 kushuka chini anaandikwa kuwa akili yake imeathirika vibaya. Sasa mfikirie bibi wa Moshi au Bukavu anayeulizwa hayo kwa Kiingereza cha haraka, siku ya tatu baada ya nusu kaputi. Ataandikwa amepotewa na akili, na maandishi hayo yatamfuata kwenye kila uamuzi, pamoja na ule wa kwamba mazoezi hayatamsaidia. Dai kipimo kirudiwe kwa mkalimani.

Karatasi za kusaini

Utapewa kurasa nyingi, na utaambiwa saini hapa, hapa na hapa. Mbili zitenge.

Ya kwanza ni makubaliano ya usuluhishi, yanayosema kwamba kukitokea mgogoro hamtaenda mahakamani. Tangu 2019 kituo hakiruhusiwi kukataa kumpokea mgonjwa kwa sababu hamkuyasaini, na aliyeyasaini ana siku 30 za kujitoa. Sioni sababu ya kuyasaini siku ya kwanza.

Ya pili ni ile inayokuita "mhusika anayewajibika". Sheria inakikataza kituo kumdai ndugu awe mdhamini wa malipo kama sharti la kumpokea mgonjwa, lakini maneno huzungushwa, na mtoto anayeona aibu kuulizia pesa huku mama yuko kwenye machela husaini. Miezi sita baadaye bili inakuja kwa jina lake. Kama una hati ya uwakili ya mzazi, saini kwa jina lake na uandike kwamba unasaini kwa niaba yake, ukitumia fedha zake. Kama huna, uliza kila mahali penye jina lako pana maana gani, na ukate unachokikataa kwa kalamu.

Ndani ya saa 48 za kuingia kituo kinatakiwa kuwa na mpango wa awali wa matunzo na kukupa muhtasari wake. Uombe usiongoje kupewa. Humo ndimo utaona kama wameandika kwamba hali nyama fulani, kwamba sukari yake hushuka alfajiri, kwamba ageuzwe kila baada ya saa ngapi. Mambo yakienda kombo na kituo hakisikii, kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa vituo hivi. Huduma yake ni bure na namba yake sharti ibandikwe ukutani.

Siku moja italetwa barua kwamba Medicare haitaendelea kulipa. Inatakiwa ije walau siku mbili kabla ya malipo kusimama, na sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba mgonjwa "haonyeshi maendeleo". Hiyo peke yake haitoshi. Katika kesi ya Jimmo dhidi ya Sebelius, iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 2013, serikali ilikiri kwamba Medicare inalipia pia uuguzi na mazoezi ya kitaalamu yanayohitajika ili hali isizidi kuharibika, hata kama mgonjwa hatarajiwi kupona. Kusaini barua ni kukiri kwamba umeipokea, hakukufungi kukubali. Namba ya simu ya rufaa ya haraka imeandikwa humo, na rufaa iwe imefika kabla ya saa sita mchana wa siku inayotangulia ile ya kusimamishwa. Ukichelewa bado kuna njia ya kukata rufaa, ila kuanzia siku malipo yaliposimama gharama zinaweza kuangukia kwenye bili ya mama.